Nilivyomkimbia mama mkwe nikaiacha antena ya setilaiti

Wakuu, heshima kwenu. Haya yalinikuta mwenyewe, siongezi chumvi.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini nilikuwa kibarua wa wapimaji ardhi kule Kishapu. Bosi wetu, Bwana Elia, alikuja na mashine ya kusikiliza setilaiti.

GPS ya kwenye simu zenu ilikuwa bado. Setilaiti ile ilizunguka Dunia kupitia ncha ya kaskazini na ya kusini, na kila ikipita juu yetu antena iliinasa kama robo saa hivi. Ikizama, tunasubiri pass nyingine.

Siku mbili antena isisogee hata kidogo, maana mipaka ya vijiji vya pale ingepimwa kuanzia point ile antena iliposimama. Kazi yangu ilikuwa kuilinda tu.

Siku ya pili asubuhi Elia kaenda kufuata maji. Mara namwona mama mkwe anakuja na njia.

Kwetu Usukumani mkwe unampisha, hukutani naye uso kwa uso. Nikaruka kichakani bila kufikiri. Ninyi mnaopiga selfie na wakwe zenu hamtanielewa.

Mama kaliona lile dude, kasimama kulishangaa. Nyuma yake ng'ombe mmoja kaja kujikuna kwenye tripod, ile miguu mitatu iliyobeba antena. Antena inacheza! Natamani kupiga kelele, nashindwa.

Alipoondoka nikatoka mbio, nikairudisha kwa kukadiria na macho.

Wakuu, siku ile niliogopa. Kila mashine ikianza kunasa, naona setilaiti inanichongea huko juu. Nikisema, kazi sina, na mke wangu ni mjamzito. Nikinyamaza, kijiji kimoja kitameza mashamba ya kingine, na ninayejua ni mimi peke yangu.

Jioni Elia akaanza kufunga vifaa. Ikabidi niseme.

"Bosi, antena ilisogea asubuhi."

"Wewe ulikuwa wapi?"

"Kichakani. Mama mkwe alikuwa amesimama hapa."

Akakaa juu ya boksi la betri.

"Tunaanza upya, siku mbili," akasema. "Na huyo mama kamwambie apite njia nyingine."

"Siwezi kumwambia, bosi."

"Basi mtume mkeo!"

Nilichojifunza: ukikosea kazini sema kabla vifaa havijafungwa, hata kama sababu yako inachekesha.

Point ile ipo hadi leo. Nikipita pale huwa nasimama kidogo, kisha naangalia njiani kama kuna mtu anakuja.

Haya, semeni ukweli: nani hapa angetoka kichakani?