Watu wa Januari Mosi

Niliwahi kuamini, kwa moyo wangu wote na kwa cheti changu cha kompyuta, kwamba toleo jipya la maktaba linafuta kila mtu aliyezaliwa tarehe moja Januari.

Maktaba ninayosema si ya vitabu. Ni kipande cha programu kinachokaa kati ya kompyuta ya mezani na hifadhidata, kule majina ya wagonjwa yanakolala. Ni kama dalali wa soko la mifugo hapa Garissa: mwenye ngamia yuko huku, mnunuzi yuko kule, hawaongei, dalali ndiye anayekwenda na kurudi. Mimi nilikuwa karani wa kliniki ya macho. Cheti nilikipata kwa masomo ya jioni, katika darasa lenye kompyuta moja na wanafunzi elfu moja, na nikatoka wa kwanza kwa sababu nilikaa karibu na kibodi.

Uvumi ule aliuleta jirani yetu, fundi wa simu. Alisema katika mji fulani, jina limemtoka, waliweka toleo jipya na kulipokucha wazee wote wa Januari mosi walikuwa wameyeyuka. Kwingine maneno hayo yangechekwa. Kwetu nusu ya watu wazima wana siku hiyo. Mtu anakuja kujiandikisha, unamuuliza amezaliwa lini, anakwambia mwaka wa ile mvua. Kompyuta nayo inataka tarehe. Unaandika Januari mosi, elfu moja mia tisa hamsini, unamwita anayefuata. Mimi mwenyewe niliwazalisha mamia katika siku hiyo moja. Mkunga wa asubuhi ile, Mungu amrehemu, hakupata hata kikombe cha chai.

Mmoja wao alikuwa shangazi yangu, dada ya baba. Anauza maziwa ya ngamia sokoni, na mtoto wa jicho alikuwa ameyafunika macho yake yote mawili. Wateja aliwajua kwa mlio wa viatu. Siku moja alimmiminia mwalimu mmoja maziwa kando ya chupa. Mwalimu akanyamaza kwa heshima mpaka yakafika kwenye soksi.

Madaktari wa upasuaji walikuja kutoka Nairobi mara mbili kwa mwaka, wiki moja tu kila mara. Walioitwa ni wale wa kwenye orodha, mzee zaidi kwanza. Mwaka ule, kabla hawajafika mara ya kwanza, dada mmoja wa Nairobi aliyetutengenezea programu alinitumia barua pepe: toleo jipya la maktaba liko tayari, haya hapa mambo mapya na marekebisho, kumi na moja. Nilisoma mawili. La kwanza, sasa inajiunganisha yenyewe mtandao ukikatika, kazi ambayo kwetu ingeimaliza nguvu kabla ya saa nne. La pili, inatoa onyo kabla haijachoka kungoja. Nikaona wanatubembeleza. Nikafunga barua.

Mwezi wa tatu nikatoa orodha, shangazi hakuwemo. Nikamtafuta kwa jina: yupo. Nikatoa orodha tena: hayupo. Mtu mwingine angeshangaa. Mimi nilielewa papo hapo kwamba toleo jipya halijafika ila harufu yake imeanza kula watu. Madaktari wakapasua, wakaondoka, shangazi akarudi kwenye maziwa yake. Nikaapa toleo hilo halitaingia kliniki hii nikiwa hai.

Sista mkuu, mama mmoja wa Kitui, aliniuliza kila wiki.

"Injinia, umeweka?"

"Mtandao, sista."

"Na ule wa kutazama mpira?"

"Huo ni mwingine, sista."

Ukafika mwezi wa tisa, madaktari wakiwa njiani. Shangazi akaja na jagi lake, akakaa kwenye benchi nyuma yangu. Kwetu shangazi na mpwa huitana jina lile lile, eedo, kwa hiyo msikilizaji asichanganyikiwe.

"Eedo, safari hii nimo?"

"Eedo, kuna shida ya Januari."

"Mimi nilizaliwa jioni, ngamia wakirudi. Hiyo Januari ni ya nani?"

"Ni ya ofisi, eedo."

"Basi kama ofisi ndiyo iliyonizaa, mbona inanipoteza?"

Sista akasikia. "Weka hilo toleo," akasema, "ama nimpigie mwenye programu aje akuondoe wewe."

Niliomba siku tatu za maandalizi. Nikanunua madaftari mawili, nikawaandika kwa mkono watu wote wa Januari mosi, jina la kila mmoja, la baba, la babu, ili wakifutika wabaki mahali. Mzee mmoja wa Rhamu nilimwandika mara mbili, kwa sababu alikuwa ametoka mbali. Siku ya nne nikasema Bismillahi, nikabonyeza, nikatoa orodha nikingoja karatasi tupu.

Printa ikaanza, haikunyamaza. Karatasi zikaisha, sista akaleta nyingine. Januari mosi, Januari mosi, Januari mosi. Juu kabisa ya ukurasa wa pili, shangazi.

"Eedo, upo!"

"Nilikuwepo," akasema.

Nikampigia yule dada wa Nairobi, nikaweka sauti wasikie wote.

"Dada, toleo lenu limezaa watu! Shangazi yangu amerudi!"

Akaniuliza, "Ile barua uliisoma?"

"Mawili ya kwanza."

"Ungefika namba saba. Toleo halijafuta mtu na halijaongeza mtu. Maktaba ya zamani ilileta majina hamsini hamsini. Ukurasa ukijaa, uliofuata ulianzia tarehe nyingine, na waliobaki wenye tarehe ile ile wakarukwa. Kwingine watu hawazaliwi siku moja wote, kwa hiyo ilichukua muda kuonekana. Ndilo tulilorekebisha. Ungeliweka siku niliyokutumia, shangazi yako angepasuliwa mwezi wa tatu."