Maji Mbele ya Kaburi

Juzi, nikipita Kasongo, niliona kaburi la mzungu aliyekuwa akinunua pamba yetu. Saruji yake imepasuka kwa jua.

Nilipokuwa mtoto, siku ya kupima pamba, mama, mwenye mimba kubwa, alimwomba maji. Mzungu akamwaga glasi yake miguuni pa mama. Vumbi likanukia kama mvua ya kwanza.

Mzungu alipokufa kwa homa, katekista alitufundisha habari za tajiri aliyemnyima maskini chakula: "Sasa iko mu moto, anaomba tone moja ya maji, na hapati."

Nilidhani moto ule uko palepale chini ya kaburi, na mzungu ananiona. Baada ya misa nikaenda na kibuyu, nikanywa polepole mbele yake.

Leo najua wafu hawaoni. Hata hivyo, juzi nilifungua chupa yangu pale, nikanywa hadi tone la mwisho.