Muhindo Niliyemzika Kitabuni

Mawese yakichemka hutoa harufu nzito inayoganda kwenye nguo, na msimu mmoja wa mvua nilinukia hivyo hata darasani. Mama yangu alikuwa amelazwa hospitalini. Baba, askari polisi kutoka Soroti, alishinda kazini, kwa hiyo jioni zangu zilipita kwa Mama Muhindo, mwanamke wa Butembo aliyekaanga mihogo nje ya uzio wa kambi yetu ya polisi mjini Kasese. Alikuwa amevuka mpaka akikimbia vita, na katika msongamano wa watu mkono wa mwanawe wa pekee ulimponyoka. Muhindo alikuwa rika langu. Hakuonekana tena.

Nilikaa kwenye kigoda karibu na karai, moshi ukiniwasha macho, naye akageuza mihogo huku akinipa habari za mwanawe, si za zamani bali za siku ile ile. "Muhindo sasa iko mukubwa," alisema. "Viatu ya mwaka jana haimuingie tena. Leo mwalimu alimupiga juu ya kuchelewa." Nikauliza kilichomchelewesha. Akajibu papo hapo kwamba mbuzi wa padri walikuwa wameziba njia, na mmoja alikula daftari lake. Nilicheka mpaka nikapaliwa. Afande mmoja, jirani yetu, alimkataza kutujaza watoto uongo; Mama Muhindo akamfungia mihogo kwenye gazeti, akaendelea kusimulia. Mimi niliamini yote. Usiku nililala nikijiuliza kama Muhindo amepata daftari jingine.

Mama alipona, baba akahamishwa, tukaondoka. Nilipokuwa mtu mzima nikawa mwandishi wa riwaya, na riwaya yangu ya kwanza ilimhusu mvulana aliyepotea mpakani. Nilimwita Muhindo, kwani hakuna jina jingine lililomkaa. Katika sura ya mwisho mama yake anaonyeshwa kaburi. Wasomaji waliniambia walilia, nami nilifurahi.

Mwaka jana nilimtembelea Mama Muhindo huko Bwera, alikohamia ili awe jirani na mpaka, mwanawe asihangaike kumtafuta. Binti mmoja wa sekondari, mpangaji wake, alikuwa amemsomea kitabu changu chote. Mama Muhindo alinikumbatia, akanimiminia chai, akaketi mbele yangu.

"Nani alikuambia mutoto yangu alikufa?"

"Ni hadithi tu, Mama."

"Hadithi minaijua. Mimi pia nilikupatia hadithi. Lakini mimi sikumuua."

Nikamwomba radhi. Akanisikiliza kwa upole, kama mtu anayesubiri mvua ikatike, kisha akasema, "Sasa mutoe mu ile kaburi."

"Kitabu kimeshachapishwa, Mama. Hakibadiliki."

"Basi andika ingine." Akaanza kunisaidia: Muhindo iko Goma, iko dereva wa lori, bibi yake amezaa mapacha. Binti yule alikuwa akimenya viazi mlangoni. Aliacha kumenya, akauliza mapacha wanaitwa nani.

Nami nilikuwa na swali hilo hilo mdomoni, nikalimeza.

Tangu nirudi nimeanza kitabu hicho mara kadhaa. Lori nimeliandika vizuri, na barabara ya Goma, na mke anayepika. Muhindo mwenyewe anakataa kuingia. Nilipokuwa mtoto sikuhitaji ushahidi wowote. Ilitosha kwamba mama yake amesema. Leo nina elimu na jina, na watu hunilipa niwasimulie, lakini mama mmoja wa Bwera ameniomba sentensi moja tu, kwamba mwanawe yu hai, nami kila nikiiandika naifuta, kwa kuwa siiamini.