Mfereji wa Mama Kando ya Ziwa

Leo mvua imenikuta Kakonko, na harufu ya matofali mabichi yaliyolowa imenirudisha kwa mama mdogo, aliyeolewa kando ya Ziwa Tanganyika.

Nikiwa mtoto, mimi na mama tulikuwa tumemtembelea kutoka Kasulu, tukimletea maharage. Mchana ule upepo ulivuma, mawimbi yakaanza kuruka ukuta wa mawe ulioikinga nyumba yake. Kila wimbi liliacha maji uani, nayo yakatuama hadi matofali ya chini ya nyumba yakaanza kulainika. Majirani walizidi kupandisha mawe juu ya ukuta.

Mama akachukua jembe, akaanza kuchimba mfereji nyuma ya ule ukuta kuelekea kijito kilichopita kando ya nyumba, kama tulivyochimba shambani kwetu mteremkoni.

“Dada, watu wa milimani mmekuja kulima ziwa?” mama mdogo alifoka, akihamisha godoro.

“Maji yameshaingia. Tuyape njia ya kutokea.”

Jembe lilinizidi urefu, kwa hiyo nilizoa tope kwa sufuria. Wimbi kubwa likaruka, likatulowesha sote, kisha likafuata mfereji hadi kijitoni. Nyumba ilibaki imesimama.

Mama mdogo alilitua godoro mlangoni, akaketi juu yake.

“Basi chimba na upande wa jikoni,” alisema, “mimi niinjike maharage yenu.”