Siku Mwangwi Ulipoondoka

Majirani walimwita Mama Visahani, na jina hilo lilimkaa vizuri kuliko magauni mengi aliyoshonewa na mumewe. Alikuwa mfagiaji katika ofisi ya bima, ghorofa ya tatu, mwanamke mwembamba aliyeishia darasa la saba. Kila kilichotupwa na watu wa kompyuta pale ofisini, yeye alikitazama mara mbili. Ruta zilizopasuka, nyaya zilizokatika vichwa, vidude ambavyo hata fundi wa kompyuta mwenyewe alivigeuzageuza akashindwa. "Dada, hiki mimi sijui kinafanya nini. Kitupe tu." Hakutupa. Alikitia kikapuni, chini ya matambara ya kufutia meza, akaenda nacho nyumbani.

Visahani alivikuta stoo, pacha, bado vimo ndani ya boksi lao. Vyeupe, vya plastiki, ukubwa wa sahani ya kulia. Kiwanda kilichovitengeneza kilishafungwa, na kitabu chake cha maelezo kiliandikwa kwa herufi asizozijua, kwa hiyo alisoma picha. Picha zilimwonyesha kwamba kimoja hukaa juu ya paa hili na kingine juu ya paa lile, vikatazamana na kupelekeana mawimbi. Hilo halikumshangaza. Kilichomshangaza ni tundu la simu ya mezani nyuma ya kila kimoja, na picha ya mtu anayeinua simu huku, simu ya kule ikalia, bila kubonyeza namba yoyote.

Picha hiyo ilimkaa kichwani. Mama yake mzazi aliishi ng'ambo ya bonde, mwendo wa nusu saa kwa miguu. Maradhi yalikuwa yamekakamaza vidole vyake, simu ya mkononi ilimshinda, na hata angeiweza, mtandao ulikuwa ukipotea kabisa kule bondeni. Tena moyo wake ulikuwa mbovu. Alikaa naye mama mdogo, lakini mama mdogo naye alikuwa na shughuli zake. Haikosi saa moja au mbili kila siku mgonjwa alibaki na kuta tu. Kuinua simu, hilo aliliweza.

Alihangaika navyo miezi mitano. Fundi wa kompyuta alimpa kompyuta ya kupakata yenye kioo kilichopasuka, akamwonyesha pa kuchomeka waya, yaliyobaki akajifundisha kwa kukosea. Visahani vilikuwa na vituko. Jua likikolea vilipata joto vikajizima vyenyewe, vikapoa, vikawaka tena vipendapo. Vilikuwa na taa nne, na ile ya tatu, ya rangi ya chungwa, hakuna aliyejua inasema nini. Ukitaka kukifuta kisahani kianze upya, ulisukuma pini kwenye kitundu chembamba ukahesabu mpaka thelathini. Ukiishia ishirini na nane kilikucheka. Na kikishafutika kilichukua robo saa nzima kuamka.

"Mke wangu," mumewe, fundi cherehani, alimwambia siku moja akiwa na sindano mdomoni, "ungenitazama mimi nusu tu ya unavyovitazama hivyo visahani, ningenenepa."

"Wewe huna taa, baba. Nitajuaje kama umewaka?"

Siku simu ilipolia kwa mara ya kwanza, aliangusha sufuria. Aliinua akasikia pumzi, kisha sauti ya mama yake kama inatoka ndani ya pipa. "We mtoto. Ni wewe kweli, au nimeshakufa naongea na malaika?"

"Ni mimi, mama."

"Malaika wangekuwa na sauti nzuri zaidi." Na kila neno lilirudi mara mbili, zaidi, zaidi. Walicheka wote wawili, na kicheko nacho kikarudi.

Basi ikawa desturi. Mama aliinua simu asubuhi kusema ameamka, akainua mchana kuuliza mjukuu amekula nini. Mjukuu, kitoto cha kike cha miaka minne, alijua simu ile haina mpigaji mwingine duniani. Ikilia tu, alikimbia akipiga kelele, "Bibi!" Na mama mdogo, aliyekuwa haendi popote ila kwa roho juu, alianza kutoka kwa raha. "Simu ipo karibu na mto," alimwambia dada yake. "Ukijisikia vibaya, inua. Mwanao atasikia, yeye na jirani zake watafika kabla yangu."

Wakawekeana sharti moja. Kabla Mama Visahani hajagusa chochote kwenye kisahani chake, ampigie mama yake kwanza: "Mama, nakifunga mdomo kwa muda." Na mama mdogo asitoke mpaka kifunguliwe. Sharti hilo alilishika miezi minane.

Lakini mwangwi ulimkera. Mama hakulalamika, ila alianza kusema maneno machache, kwa kuwa kusikia sauti yako ikikujibu wewe mwenyewe kunachosha mgonjwa. Siku moja, akiwa likizo, Mama Visahani alikuta ndani ya mipangilio ya kisahani ukurasa ambao hakuwahi kuufungua, wenye namba tupu bila maelezo. Alibadilisha moja, na taa ya tatu ikazimika. Kumbe hiyo taa ilikuwa ndiyo ya mwangwi! Ila kompyuta ilimwambia badiliko halitashika mpaka kisahani kifutwe.

Ilikuwa saa tisa alasiri. Saa hiyo mama huwa amelala. Aliutazama mkono wa simu akasema moyoni, nimwamshe kwa ajili ya robo saa? Atashangaa mwenyewe akiamka asikie sauti safi.

Akachomoa pini kwenye kilemba chake.

Kwa haraka aliyokuwa nayo alihesabu vibaya. Mara ya kwanza kisahani kikagoma, ya pili kikaamka na taa ya chungwa ileile, ya tatu kikakubali. Dakika hamsini zilipita hivyo, na hakuzihisi. Alikuwa ameketi sakafuni na furaha ya mtu anayekaribia, mwanawe akimpangia vifuniko vya chupa mgongoni. Taa zikawaka tatu, za kijani, ile ya chungwa haipo. Akapiga kelele ya shangwe hata fundi cherehani akaja mbio na mkasi.

"Nini?"

"Mwangwi umeondoka!"

Akainua simu ampigie mama yake. Ililia mlio wa kukatwakatwa, ule wa simu iliyoko wazi upande wa pili. Akacheka. "Mama hajauweka mkono vizuri. Atakuwa ameupiga kiwiko usingizini." Akaanika nguo kwanza. Akampigia tena; vilevile. Hapo ndipo alipovaa viatu, bila wasiwasi mkubwa, akashuka bonde huku akipanga maneno ya kujisifu.

Mama mdogo alikuwa amemtangulia kufika kwa hatua chache tu, na alikuwa amesimama mlangoni, mikono kichwani.

Waliomwosha walisema amekwenda vizuri, usingizini, uso umetulia. Mganga wa zahanati alisema moyo ulisimama. Mama mdogo aliyashika maneno hayo kwa mikono miwili, akamwambia kila aliyekuja kuhani: "Alikuwa amelala, jamani. Nilimwacha amelala, akalala moja kwa moja." Na kila alipoyasema alilia kidogo, halafu akatulia.

Baada ya wiki mbili, Mama Visahani alikwenda kukiondoa kisahani cha ng'ambo. Alichukua kompyuta yake, akaichomeka kabla ya kuzima, kwa mazoea. Kisahani kilikuwa na kumbukumbu yake, safu ndefu ya namba. Hakikujua tarehe, kilihesabu saa tangu kilipowashwa mara ya kwanza. Namba zenyewe alizifahamu kwa sababu zamani walizitafuta pamoja, yeye na mama yake, kwa kuinua na kuweka, kuinua na kuweka, mpaka mama akasema mkono unamuuma kwa kucheza. Saba ni simu imeinuliwa. Nane ni simu imewekwa.

Alirudi nyuma kwa vidole mpaka siku ile, saa tisa na dakika kumi.

Saba. Nane.

Dakika nne baadaye. Saba. Nane.

Dakika sita. Saba.

Na baada ya hapo, nane haikuwepo. Iliandikwa kesho yake, pale mtu alipopanga vitu vya chumbani.

"Kimeandika nini hicho?" mama mdogo aliuliza kutoka mlangoni, amebeba mashuka.

Alimtazama mama mdogo, uso uliokuwa umeanza kupata usingizi tena.

"Hakijaandika kitu, mama. Ni hesabu zake tu."

"Afadhali. Mimi vitu hivyo vilikuwa vikinitisha."

Mama mdogo alipokwenda zake, Mama Visahani alichomoa pini. Thelathini tu, na zile saba zingefutika, asizione mtu yeyote tena. Aliisukuma, akahesabu mpaka kumi na mbili, akaichomoa. Akairudisha kilembani. Kisha, bila kujua anataka nini, labda asikie alichokisikia mama yake, akauinua mkono wa simu akauweka sikioni.

Nyumbani kwake, ng'ambo ya bonde, simu ikalia. Mara mbili. Zikasikika mbio za miguu midogo sakafuni.

"Bibi! Bibi, umeamka?"

Sauti ilikuwa safi kama mtoto amekaa mapajani pake. Hakuna neno lililorudi.

"Ni mama," alisema.

"Uko kwa Bibi?"

"Niko kwa Bibi."

"Basi mpe aongee."

Alikaa ukingoni mwa kitanda kilichoondolewa godoro, mkono wa simu sikioni. Akasikia mwanawe akimsubiri, akipumua, akigusagusa waya. Jua lilikuwa limekolea juu ya mabati. Hakuutua mkono wa simu mpaka kisahani kilipopata joto kikajizima chenyewe, kama ilivyokuwa kawaida yake.