Darubini zilipatikana, lakini bosi akaandika nimekuwa "pardoned". Neno moja la Kiingereza lilivyonibakiza mwizi hapa Arusha

Wakuu, habari za muda huu. Waliomo kwenye tour hapa mjini watanijua nikishasimulia nusu, na sijali. Nasema ilivyokuwa, sina cha kuongeza chumvi.

Mimi ni driver guide. Naishi Sombetini na mke wangu, mama Glory, mwalimu wa Kiingereza wa sekondari upande wa Tengeru. Mkumbukeni huyo mwalimu, maana bila yeye huu uzi usingekuwepo.

Siku hiyo nilimpeleka mgeni mmoja, mzee wa Kibelgiji, kwenye maziwa ya Momella. Mzee mzuri tu, mpenda ndege. Alikuwa na darubini ndogo za kukunja, za marehemu baba yake. Alinionyesha mpaka jina lililochongwa pembeni.

Tukiwa tunaangalia flamingo, mlima Meru ukafunikwa na mawingu, manyunyu yakaanza. Mzee akavaa koti la mvua harakaharaka. Mvua ilipokata akalivua, akaliviringisha likiwa bichi vilevile, akalifunga kwenye mfuko wa plastiki na kulishindilia chini kabisa kwenye begi lake.

Tunafika getini, darubini hakuna.

Tuliinua viti, tukatoa mazulia, nikaingia hadi uvunguni mwa gari. Hola. Nikamwambia, "Mzee, naomba tufungue lile koti. Nilikuona umelivaa darubini zikiwa shingoni."

Akakataa. Eti vitu vyake anavijua, na aliyezishika mwisho ni mimi, nilipomfutia vioo. Kweli nilimfutia, lakini nilimrudishia mkononi.

Jioni alikuwa na safari ya ndege kurudi kwao. Kabla ya kuondoka akampigia bosi wangu.

Bosi ni Mhindi wa hapahapa, babu yake alifungua duka mjini zamani. Tumwite Bwana Karim. Kiswahili chake ni cha Arusha kabisa, na si mtu mbaya. Nikamweleza habari ya koti. Akanisikiliza huku anaangalia simu, halafu akasema, "Eli, kaa nyumbani kwanza, hili jambo litulie."

High season, wakuu. Wenzangu wanapishana barabarani na wageni, mimi nafua mapazia.

Na mji huu mdogo jamani. Bodaboda wa kona ya kwetu wakaanza kuniita Darubini. Mama yangu yuko huko Akheri, mlimani, akanipigia sauti imeshuka: "Mwanangu, kanisani wanasema umeshika kitu cha mzungu. Niambie mimi mama yako." Nilimwambia sijashika, akasema ananiamini. Lakini swali lenyewe liliniuma, maana hajawahi kuniuliza kitu kama kile tangu nizaliwe.

Sasa sikieni.

Wiki zikapita. Siku moja bosi akapiga, sauti imechangamka. "Eli! Zimepatikana! Mke wa yule mzee kafungua begi limenuka ukungu, kakuta darubini ndani ya koti. Njoo kazini Jumatatu. Nimeshaandika kwenye group."

Niliruka, nikampigia mama, akapiga vigelegele kwenye simu hadi sikio likaziba. Ndipo nikafungua group la ofisi. Huwa tunaandika Kiingereza kule kwa sababu kuna partners wa nje. Bosi kaandika:

"Good news team. Elirehema has been pardoned. He is back on Monday."

Basi. Hakuna darubini, hakuna koti, hakuna mke wa mzee.

Mimi nikaona poa tu, nikaweka emoji ya mikono. Chini yake pongezi zinamiminika. "Hongera kaka, bosi ana roho ya kipekee." "Mungu ni mwema, usirudie tena." Mwingine, rafiki yangu kabisa, "Kila mtu hupitiwa, karibu nyumbani."

Usirudie nini? Nikahisi kuna kitu hakijakaa sawa, ila sikujua ni kipi.

Mama Glory alirudi, nikampa simu asome. Alisoma mara moja, akaweka mkoba chini.

"Baba Glory, kwani uliiba?"

"We mwanamke, si nimekwambia zimepatikana?"

"Basi mbona wamekusamehe? 'Pardoned' ni mtu aliyefanya kosa, mkubwa akaamua kumwachia adhabu. Kama mfungwa anayetolewa kwa msamaha wa Rais. Kosa liko palepale."

Daah. Kumbe ndiyo maana ya "usirudie tena".

Tulikula ugali umepoa siku ile, somo limepamba moto. Akanifundisha kwamba "excused" ni udhuru, kama mwanafunzi aliyechelewa kwa sababu ya mvua. Amechelewa kweli, lakini anaeleweka. "Absolved" ina harufu ya kanisani, mtu kaungama kwa padre akaondolewa dhambi. "Acquitted" ni ya mahakamani, na mara nyingi maana yake ushahidi haukutosha, kwa hiyo mtaani watu wanaendelea kukukonyeza.

"Ya kwako ni 'exonerated'," akasema. "Umetuliwa mzigo ambao haukuwa wako. Imeonekana hukufanya. Hata 'cleared' inatosha."

Jumatatu nikafika ofisini mapema. Nilikuwa na woga, sitaki kusema uongo. Mtu umerudishiwa kazi, halafu unaanza kudai neno?

Bosi alicheka kwanza. "Eli, si umerudi? Pardoned, cleared, si yote mamoja?"

"Si mamoja, bosi. Mwizi akisamehewa anabaki mwizi aliyesamehewa."

Akaacha kucheka, akachukua simu. "Haya, naandika 'acquitted'."

"Bosi, mimi sijasimama kwa hakimu."

"'Excused' je?"

"Sikuchelewa."

"Wewe Kiingereza hiki umekitoa wapi?"

"Kwa mama Glory."

Wakuu, akampigia! Akaweka loudspeaker, mimi natamani meza inimeze.

"Shikamoo bosi," mama Glory akaitika.

"Marahaba, mwalimu. Mumeo hapa ananisahihisha mtihani. Niandike nini?"

"Andika 'exonerated', halafu useme na sababu, kwamba darubini alikuwa nazo mzee mwenyewe. Usipotaja sababu, kila mtu atatafsiri anavyotaka." Akaongeza: "Ila kusema kweli kuna neno linalomfaa zaidi. 'Vindicated'."

"Hilo likoje?"

"Hilo si kusafishwa tu. Ni kwamba alisema jambo, watu wakampinga, na mwisho ukweli umesimama upande wake. Yeye alisema tangu siku ile kwamba ziko kwenye koti."

Bosi akakuna kidevu. "Hilo hapana, mwalimu. Nikiandika hivyo nitaonekana sikumsikiliza."

"Kwani ulimsikiliza, bosi?"

Mimi nilikuwa naangalia kalenda ukutani kama vile sijawahi kuona kalenda.

Bwana Karim akashusha pumzi, akasema "asante mwalimu", akakata simu. Hakuandika. Akatoka nje kwenye yadi, guides wote wapo wanakunywa chai na chapati kabla ya kutawanyika. Akapiga makofi mawili.

"Sikilizeni. Darubini za yule Mbelgiji zilikuwa kwenye koti lake mwenyewe. Eli aliniambia siku ileile. Sikumsikiliza. Sijamsamehe kitu, maana hakukosa kitu. Mimi ndiye ninayemwomba anisamehe."

Akanigeukia na kunipa mkono. Aisee, nilikuwa nimejiandaa kwa neno la Kiingereza, kile Kiswahili kikanikuta bila kinga. Macho yalilowa, nikasingizia moshi wa jiko la chapati.

Yule rafiki yangu wa "kila mtu hupitiwa" alikuja ameinamisha kichwa, kanibebea kikombe cha chai. Nilikunywa. Bosi naye baadaye aliandika kwenye group, "exonerated" na "vindicated" zote mbili, na habari nzima ya koti, partners wa nje wasome. Mimi nikamtumia mama voice note ya yadi, maana kuna mtu alirekodi. Nasikia Jumapili aliisikilizisha kwaya nzima.

Nilichojifunza: ukitolewa lawamani, usikimbilie kushangilia. Uliza kwanza umetolewa kwa mlango upi. Kuna mlango wa huruma na kuna mlango wa ukweli, na watu waliosimama nje wanaangalia umetokea wapi.

Wanasheria na walimu wa humu, nirekebisheni kama mama Glory kanidanganya mahali, nitampelekea mwenyewe huku nimekaa mbali. Na nyie wengine, nani alishawahi "kusamehewa" kosa ambalo hakulifanya? Mlimeza au mlidai neno lenu? Shusheni hapa chini, leo sina safari.