Nywele za Chiriku

Mama Chiriku alikuwa msusi, na si msusi wa kubahatisha. Wanawake walizipita saluni zenye viti vya kuzunguka na viyoyozi, wakaja kubanana kwenye chumba chake kidogo, kwa sababu mkono wake ulikuwa mwepesi na mistari yake ilinyooka kama imepigwa rula. Sasa mtu wa namna hiyo, Mungu akampa binti ambaye kitana kikimgusa tu kichwani anapiga kelele mpaka mtaa wa pili. Nywele zilimsimama huku na huku, kisogoni zikajifunga mafundo, na chini ya meza ya kioo cha saluni ndipo mtoto aliposhinda kila alipotoka shule, wateja wote wakimwona.

Jina la Chiriku alipewa na baba yake, fundi bomba, enzi za uchanga wake, alipokuwa akibwabwaja kutwa nzima. Baadaye maneno yakapotea moja moja, yakabaki machache ya kuombea maji na ya kukataa. Daktari alisema ni usonji. Akaeleza kwa upole kwamba huo si ugonjwa wa kutibiwa, ndivyo mtoto alivyo. Sauti na miguso humwingia kwa nguvu kuliko inavyowaingia wengine. Mama Chiriku alielewa. Lakini kuelewa ni kitu kimoja, na kuamka kila asubuhi ugombane na soksi yenye mshono ni kitu kingine. Siku nyingine alijifungia chooni, akafungua maji, akatukana peke yake.

Wiki ya harusi ya wifi yake, simu ikaanza.

"Wifi, nakuomba, safari hii mtoto asukwe. Watu watasema nini, na mama yake ni wewe?"

"Watasema yale yale ya siku zote."

"Picha zinakaa milele, wifi yangu. Mshike tu kidogo, atazoea."

Kila mtu alikuwa na hiyo dawa ya kuzoea. Mama Chiriku akakata simu, akamgeukia mumewe. "Alhamisi uwepo, unisaidie kumtuliza."

"Alhamisi? Kuna bomba limepasuka kule ghorofani."

Ajabu ni kwamba bomba la mtu lilipasuka kila mara Chiriku alipohitaji kushikwa. Mama Chiriku alimtazama mumewe akitafuta spana chini ya kitanda.

Alhamisi akafanya alilojua si sahihi. Alimwomba msusi mwenzake, mwanamke mmoja mnene waliyezoea kumwita Dada Wigi, amshike mtoto mikono. Kwenye kiti kingine alikaa mteja aliyesukwa nusu, akingoja. Kitana kilipita mara moja tu. Chiriku akajipinda kama samaki, akampiga Dada Wigi kidevuni, akamng'ata mama yake mkono, kisha akajitupa chini akaanza kujigongesha kichwa kwenye mguu wa sinki. Mama Chiriku akaupitisha mkono wake katikati ya kichwa na chuma, ukawa ndio unaogongwa.

"Huyo anataka fimbo tu," mteja akasema. "Mmemdekeza mno."

Mama Chiriku akainua uso. "Inuka."

"Nani, mimi?"

"Inuka kwenye kiti changu."

"Na upande huu mwingine je?"

"Upande huo mwingine uudekeze mwenyewe."

Mteja akatoka amejitanda khanga, anafoka. Dada Wigi akashika kidevu chake, akacheka mpaka machozi. Mama Chiriku hakucheka. Alikaa sakafuni kati ya vipande vya rasta, anamchukia wifi, anamchukia mume, na kwa muda mfupi ambao hakuwahi kumsimulia mtu, akamchukia na mtoto. Kisha ukapita, ukamwachia aibu.

Chiriku alipotulia, alichukua mkasi uliodondoka, akaufungua na kuufunga karibu na sikio lake.

"Kwacha," akasema, akiiga mlio wake.

Mama akanyoosha kiganja, akangoja. Mtoto akampa mkasi. Mama akakata ncha ya nywele, polepole, bila kugusa ngozi. "Kwacha," Chiriku akasema tena, na hakukimbia. Fundo moja likaanguka, na jingine. Walipofika nusu ya kichwa mtoto akasema, "Basi." Mama aliuona upande uliobaki, vidole vikamwasha. Hata hivyo, akaweka mkasi chini.

Basi Jumamosi Chiriku akaingia harusini upande mmoja umenyolewa, upande mwingine kichaka. Bibi harusi aliwaona mlangoni, tabasamu likamkauka.

"Wifi! Ndiyo nini hiki?"

"Ndiyo kichwa chake. Ukitaka tukae kwenye picha, tutakaa. Hutaki, sema sasa hivi."

Wifi akawavuta kwenye picha, akamweka mtoto ubavuni mwake, upande ulionyolewa. Haikuwa radhi hasa, lakini ilitosha.

Muziki ulipowashwa, Chiriku akaziba masikio, akaanza kuunguruma. Mama akamtoa nje haraka. Wakakaa kwenye ngazi za nyuma ya ukumbi, karibu na masufuria machafu, yeye na gauni lake jipya na viatu vilivyomfinya, akisikia wenzake wakishangilia wimbo anaoupenda kuliko zote. Alikuwa na hasira za kutosha kubomoa ukuta.

Fundi bomba akatoka na sahani. "Nimekuletea chakula, mama Chiriku."

"Sitaki chakula. Kaa."

"Wananiita kule ndani, kaka zangu wote..."

"Baba Chiriku, kaa hapo. Akiunguruma, mwache aungurume. Usimguse mpaka akuguse yeye. Hakuna bomba hapa."

Mwanamume akaketi kwenye ngazi na suti yake. Chiriku akamtazama kidogo, akasogea, akamwekea mgongo wake begani.

Mama Chiriku akavua viatu, akaviacha hapo hapo, akaingia ndani kucheza.